Bawaba ya Bawa

Picha imo kwenye simu ya Dalmas Okumu tangu tarehe nane Februari. Ni picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: ndege ya kivita iko angani, na ncha za mabawa yake zimesimama wima kama masikio ya sungura aliyeshtuka. Ukiigusa, simu inaonyesha siku na saa ilipohifadhiwa. Saa moja kasoro dakika nane, jioni. Dalmas hakuifuta, na kwa miezi minane hakumwonyesha mtu.

Ana miaka thelathini na minne. Ni mlinzi katika mnara wa ofisi mtaa wa Olaya, Riyadh, kwenye lango la chini ambako makarani hupitisha kadi zao bila kumtazama. Msimamizi wa jengo, Mmisri mwenye sauti ya kukwaruza, huwaita walinzi wote jina moja: bawabu. Katika nyumba ya kampuni, anakolala chumba kimoja na Wakenya wenzake, Dalmas alikuwa na jina zuri zaidi. Walimwita Injinia.

Hakujipa jina hilo, ila hakulikataa. Wiki ya kwanza aliwaambia kwamba alisomea ufundi wa ndege Nairobi, na ni kweli alisoma. Hakuwaambia kwamba alisoma miezi tisa tu, kwamba alianguka mtihani uleule mara mbili, wala kwamba mtihani wenyewe ulihusu jinsi bawa linavyobeba ndege. Basi simu ikizimika aliitwa Injinia. Mkataba mpya ukiletwa, Injinia ausome kwanza. Watu wakibishana, walinyamaza wamsikie.

Kitanda cha chini kando ya mlango kilikuwa cha Onesmus Mukabwa, mwenyeji wa Malava, miaka hamsini na miwili, mkubwa kuliko wote. Alikuwa seremala kwa miaka ishirini, sehemu kubwa Mombasa, na Kiswahili chake kilibaki cha huko. Siku za Ijumaa ndiye aliyeongoza maombi yao ya Kikristo, pazia limefungwa na sauti zimeshushwa.

Ubishi ulianza na video. Hillary, mlinzi wa maegesho mwenye mdomo mwepesi, alikuwa anakula ugali kwa mkono mmoja na kushika simu kwa mwingine. Kwenye kioo palikuwa na manowari ya kubeba ndege. Juu yake ndege zimepangwa karibu karibu, mabawa yamekunjwa.

“Wanakunja ndio zitoshe,” Hillary alisema. “Sasa rubani akisahau? Akipaa hivyo hivyo?”

“Huyo ni wa kuzikwa,” alijibu Norman, mtu wa maneno machache anayewapikia siku za mapumziko.

“Hafi,” Onesmus alisema. “Kuna mmoja alisahau kweli. Nilisoma kwenye jarida la zamani tukitengeneza madirisha kwa mapadri, Mombasa. Alipaa, akaona ndege nzito, akazunguka, akaishusha. Mzima.”

Vichwa vikageukia kitanda cha Injinia.

Dalmas angeweza kusema hajui. Neno hilo halikumjia. “Mzee, haiwezekani,” alisema. “Bawa likikunjwa, hakuna bawa. Hiyo ni sayansi.”

“Halikunjwi lote, bwana.” Onesmus alinyoosha mkono wake sambamba na sakafu, kisha akapandisha vidole juu. “Bawaba haiko shinani, iko huku nje. Kinachokunjwa ni vidole. Mkono umebaki, na mkono ndio unaobeba.”

Mwalimu wa Nairobi hakuwahi kueleza vizuri hivyo. Dalmas aliona palepale kwamba mzee huenda amepatia. Aliona pia kwamba wote wanamngoja. Akashika neno.

“Nini iko nje?”

“Bawaba.”

Karakana za bara husema hinji. Wengi chumbani walikuwa hawajasikia neno bawaba tangu shule, kama waliwahi kulisikia. Bawabu, hilo walilisikia kila asubuhi kutoka kwa Mmisri.

“Wasee, mmeskia?” Dalmas alisimama. “Kuna bawabu kwa bawa! Amekaa huko nje na kiti yake, anafungulia upepo geti! ‘Yalla, yalla, mafi ikama, mafi kupita!’”

Aliigiza sauti ya kukwaruza ya Mmisri akimzuia mtu asiye na ikama, kibali cha ukaazi, na aliigiza vizuri. Hillary alidondosha tonge. Norman, ambaye hacheki ovyo, alifuta machozi. Onesmus alianza kueleza mara mbili, na mara zote mbili mtu alipiga saluti na kudai ikama. Akarudi kwenye sahani yake.

Hazikupita saa mbili. Dalmas alipanda juu ya paa kuanua nguo, akatafuta kwenye simu, na jibu likaja upesi kuliko alivyotaka. Mwaka 1960, ndege ya jeshi la wanamaji la Marekani ilipaa kutoka Naples, Italia, mabawa yakiwa yamekunjwa. Rubani alishangaa usukani kuwa mzito, akazunguka, akatua salama. Haikuwa ajali ya mara moja. Marubani wengine walifanya kosa hilo baadaye, na wakarudi. Ncha tu ndizo zilizokunjwa. Sehemu ya karibu na mwili ilibaki wazi, nayo ilitosha kubeba ndege. Alitafuta na lile neno pia. Kamusi ilisema bawaba ni chuma kinachoshikilia mlango kwenye mwimo wake.

Alihifadhi picha. Akashuka na nguo begani.

“Injinia,” Hillary aliita kutoka kitandani, “umeona bawabu yeyote huko juu?”

“Sijaona,” Dalmas alisema, na kitanda cha kando ya mlango kikasikia.

Tangu siku hiyo mzee akawa Mzee Bawabu. Akisema mvua itanyesha, aliulizwa kama bawabu amefungua geti. Akisema basi la kazini limebadilishiwa njia, hawakumsikiliza, na asubuhi iliyofuata wanne walilikosa. Hata hilo liligeuzwa mzaha.

Ijumaa, siku sita baada ya ubishi, alisimama kuongoza maombi kama kawaida. Alisoma, akafumba macho, akaomba Mungu awafungulie milango waliyofungiwa. Mtu akanong'ona, “Bawabu, fungua.” Kicheko kilianzia puani, kikazuiwa, kikapasuka. Dalmas alikuwa amesimama safu ya pili. Simu yenye picha ilikuwa mfukoni. Alicheka na wengine. Alipofumbua macho alikuta mzee amefumbua yake, na anamtazama yeye.

Onesmus alimaliza kwa amina fupi. Wiki iliyofuata alisema koo linamsumbua, Norman aongoze. Ilipofika Aprili alimwambia msimamizi wa kampuni kwamba vumbi la Riyadh linamkaba kifua, akaomba kuhamishiwa Jeddah. Aliondoka asubuhi. Dalmas alikuwa macho, amelala kifudifudi, hadi mlango ulipofungwa.

Ukimuuliza leo kwa nini hakusema mapema, hatafuti maneno mazuri. Siku ya kwanza aliona haya. Siku ya pili aliona haya kwa sababu hakusema siku ya kwanza. Baada ya ile Ijumaa halikuwa tena suala la ndege, na kila wiki iliyopita ilifanya kulisema kuwe kubaya zaidi. Kila alipoitwa Injinia aliitika, na kila alipoitika alikumbuka ile picha.

Oktoba kampuni iliwapeleka wanne Jeddah kwa siku nne, kulinda ukumbi wa maonyesho. Siku ya tatu Dalmas alipata mapumziko ya mchana. Alichukua teksi hadi Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kumtafuta mzee.

Onesmus alikuwa mlinzi wa nyumba ya matumbawe inayokarabatiwa, nyumba ya ghorofa nne yenye madirisha ya mbao yaliyochomoza juu ya uchochoro. Hakuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi. Alikuwa amebeba kwa bega upande mmoja wa mlango mkubwa wa kale, na fundi wa Kiyemeni alikuwa amepiga magoti anakaza skrubu. Alimwona Dalmas, akangoja hadi skrubu ya mwisho, ndipo akaushusha.

“Injinia,” alisema. “Karibu kwa watu wa jasho.”

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umekonda.”

Walikaa kwenye kizingiti, nyuma ya lundo la mchanga wa ujenzi. Onesmus alimimina chai kutoka kwenye chupa yake, kikombe kimoja, akampa mgeni. Dalmas hakuinywa. Alitoa simu, akafungua picha, akaiweka juu ya goti la mzee.

Onesmus alivaa miwani. Aliitazama kwa muda mrefu. Alipanua kwa vidole pale ncha inapoungana na bawa.

“Ndiyo yenyewe,” alisema taratibu. “Bawaba hii hapa.” Uso wake ulifunguka kwa furaha ya mtu aliyepata kitu kilichopotea. Kisha kidole chake kiligusa kioo, na siku na saa zikatokea.

“Tarehe nane Februari,” alisoma. “Tulibishana lini?”

“Tarehe nane.”

“Saa moja jioni. Baada ya kula.”

“Baada ya kula.”

“Kwa hiyo siku ile ya maombi ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

“Na ulicheka.”

“Nilicheka, mzee.”

Fundi wa Kiyemeni alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena kujaribu kazi yake. Haukutoa sauti.

“Mimi si wa kuumizwa na ndege,” Onesmus alisema hatimaye. “Hata ningekosea, ningekosea. Lakini baba yangu alianza hivi hivi. Alikuwa anakumbuka watu ambao hawakuwepo, harusi ambazo hazikufanyika. Nyinyi mlipocheka, na wewe umesoma, nikasema basi, imenifikia. Nimebuni. Mke wangu akinipigia simu sikumweleza jambo lolote la zamani. Nilikuwa nachuja. Nikitaka kusema kitu najiuliza, hiki kilikuwepo? Miezi minane, Dalmas.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Dalmas alisema anaomba msamaha. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka madogo.

“Umeniambia mimi,” mzee alisema, akimrudishia simu. “Hapa, nyuma ya lundo la mchanga. Waliocheka wako Riyadh.”

“Nitawaambia.”

“Kunywa chai, inapoa.”

Dalmas anasema safari ya kurudi ilikuwa ndefu na bado aliiona fupi. Alitunga njia tatu za kulisema kana kwamba amegundua jana. Hakuna mwingine ambaye angeuliza tarehe.

Ijumaa mchana Norman alipika pilau, sahani kubwa ikawekwa katikati ya mkeka. Dalmas hakunawa. Alisema kabla ya mtu kuanza kula, amesimama, kwa sababu siku ile pia alikuwa amesimama.

“Mzee Onesmus alikuwa sahihi. Ndege ilipaa na mabawa yamekunjwa. Na bawaba si bawabu, ni hinji. Nililijua jioni ile ile. Nilikuwa na picha kwa simu siku ya maombi, na nikacheka.”

Aliipitisha simu. Ilienda mkono kwa mkono kuzunguka sahani. Hillary aliishika muda mrefu kuliko wengine.

“Si ulisomea hii kitu?” aliuliza.

“Nilianguka. Mara mbili. Hiyo hiyo ya mabawa.”

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Norman aliitazama pilau yake ikitoa mvuke. Mmoja alitazama kitanda cha kando ya mlango, ambacho sasa kina mtu mwingine.

“Ni mimi nilinong'ona siku ile,” Hillary alisema. “Bawabu fungua. Ni mimi.” Akafuta kioo cha simu kwa fulana yake. “Mpigie.”

Onesmus aliitikia kwa sauti ya mtu aliye juu ya ngazi. Norman alimwambia wako wote, sauti iko wazi, wanamwomba awaongozee maombi ya Ijumaa hata kwa simu.

Walimsikia akishuka ngazi.

“Leo siombi,” Onesmus alisema. “Leo ninawasimulia ile ndege, kwa sababu sikuimaliza.”

Aliimaliza. Aliwaeleza jarida lenyewe, lililoliwa na mende pembeni, na dirisha la mapadri walilokuwa wakilitengeneza, na jina la fundi aliyemwonyesha ile habari. Alisimulia polepole, na baada ya kila jambo alinyamaza kidogo, kama anayejaribu ubao kwa mguu kabla ya kuukanyaga. Alipofika kwenye neno bawaba alilitamka, akaishia hapo.

Walisubiri. Pilau ilikuwa inapoa.

“Dalmas yupo?” iliuliza simu.

“Nipo, mzee.”

“Waonyeshe bawaba ni nini.”

Dalmas alitazama huku na huku. Kisha akaenda kwenye mlango wa chumba, akaweka kidole kwenye chuma cha juu, cha katikati na cha chini, akausukuma mlango na kuurudisha mbele ya macho yao yote. Cha katikati kilikuwa kimelegea, kikalia.

“Hicho kinataka mafuta,” Onesmus alisema kutoka Jeddah. “Nilikuwa nikiwaambia tangu mwaka jana.”