Miezi Saba Nyuma

Mtakwimu wa ofisi ya karafuu Wete hugongagonga vidole mezani kama avutaye uradi, ndipo abonyeze kompyuta. Anapima kama ziara za wakubwa mashambani ndizo ziletazo mavuno, na ripoti yatakiwa adhuhuri. Bi Mwanabaraka, karani wa meza ya pili, amtazama. Alipolinganisha mavuno na ziara za mwezi mmoja nyuma, takwimu zimekataa. Kwa miezi mitano, kompyuta ikajibu kwamba mavuno ndiyo yaletayo ziara, akalifuta jibu hilo upesi. Kwa saba, ikakubali ziara ndizo ziletazo mavuno, naye akatabasamu.

“Alhamdulillahi. Saba ndiyo ya kitaalamu.”

“Mwanangu, mie nina mikarafuu Gando. Wakubwa huja karafuu zishaanikwa, na vikapu vyao vitupu.”

Mtakwimu akavua miwani, akaifuta taratibu.

“Kwa hiyo, Bi, tuweke miezi minane?”