Amri Iliyoitwa Micheline

Mama Micheline wa Yanonge hakujua noti za muziki. Alitunga nyimbo akipiga kasia, akaziimba kanisani, na alipofariki zikabaki midomoni mwa watu. Mwanawe Ruphin, anayeimba sauti ya tatu katika parokia moja ya komini ya Tshopo, mjini Kisangani, hakutaka zipotee. Akaanza kuziandika kwenye kompyuta, kitabu kizima.

Programu anayotumia haina vitufe vya kubofya. Kila noti huandikwa kwa herufi, kisha mashine huchora ukurasa. Kinachokosekana unakitungia amri yako mwenyewe. Ruphin alitunga moja, akaiita \micheline. Popote alipoiandika, chini ya kichwa cha wimbo palitokea herufi ndogo za mlazo: "Wimbo wa Mama Micheline, Yanonge." Maneno hayo aliyaandika mara moja tu, ndani ya amri, ili jina la mama lisisahaulike hata kwenye wimbo mmoja. Umeme ulikatika, ukarudi, akaendelea.

Faili alimkabidhi Dominique, mwalimu wa kwaya na rafiki yake tangu shuleni, aliyekuwa anakwenda Kinshasa kwa mchapaji.

Dominique aliporudi na vitabu kwa mashua, Ruphin alifungua kimoja palepale bandarini. Noti zake. Herufi zake za mlazo. "Wimbo wa Maestro Dominique, Kisangani." Akafunua mbele, vilevile. Akarudi nyuma, vilevile.

"Yaya Ruphin, usikasirike," alisema Dominique, akimwita kaka kama siku zote. "Mutu gani atauliza? Hizi nyimbo iko ya Mungu. Na Mungu hasomaka majina."

"Bon. Juu ya nini basi uliandika yako?"

Dominique akacheka, macho kwa wapagazi. "Mama alisha kufa, yaya. Mimi njo mwenye kwaya inajua."

Nyumbani Ruphin alinifungulia mimi, mwimbaji mwenzake, faili iliyorudi kutoka kwa mchapaji. Kila wimbo bado ulikuwa na \micheline yake. Dominique hakugusa hata mmoja. Alibadili ule mstari wa ndani ya amri, jinsi Ruphin mwenyewe alivyomfundisha.

"Ona," aliniambia. "Kila wimbo anaita mama yangu. Mama anaitika, alafu anatoa jina ya ule Dominique."

Jumapili kwaya iliimba wimbo wa kasia. Ruphin alisimama mahali pake, kitabu kimefungwa. Zamu ya sauti ya tatu ilipofika, Dominique alimwashiria kwa mkono aingie, kisha akamwashiria tena. Ruphin alimtazama tu, mdomo umefumbwa, mpaka wimbo wa mama yake ukaisha.