Rafu ya Chini

Nilikuwa nimeshaanguka mtihani wa vitendo mara moja, na katika shahada ya uzamili ya ukutubi wa shule hapana kuanguka mara mbili. Ukianguka tena, unaanza masomo upya. Likizo zangu zote zilikuwa zimeishia darasani, na nyumbani walikuwa wameshaanza kuniuliza, nusu mzaha nusu kweli, kama kupanga vitabu nako kunataka chuo kikuu. Wallahi sikutaka kuwarudia na habari ya kuanguka.

Mtahini alikuwa daktari wa chuo kikuu kutoka bara, mtu mpole wa maneno machache, na hao ndio wa kuogopwa. Alinikuta kwenye maktaba yetu ya shule pale Mambrui, iliyokuwa ghala la madawati mabovu kabla sijaikalia kooni. Wanafunzi wachache walikuwa wanasoma. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Akaanza kuzunguka makabati, kalamu mkononi, nami nyuma yake.

Alisimama kwenye kabati la kwanza. Fundi alilitia rafu tatu tu, na vitabu hupangwa kwa nambari za masomo, dini ikiwa ya tatu, kuanzia juu kwenda chini. Basi ukihesabu sawasawa, dini inaangukia rafu ya chini kabisa, shubiri moja kutoka sakafuni, pale mtu akikaa akinyoosha miguu nyayo zinaelekea vitabuni. Sasa niambieni, mimi niliyelelewa Mambrui nikaleleka, niweke msahafu hapo? Thubutu! Asubuhi ile nilikuwa nimeitoa misahafu yote nikaipandisha juu ya kabati, nikaitandikia kitambaa safi.

"Mwalimu, hivi vya juu ni nini?"

"Misahafu, Daktari."

"Mahali pake kwa nambari ni wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, chini.

"Basi umevunja mpangilio."

"Nimeuvunja kusudi," nikasema, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Hapa kwetu msahafu hauwekwi chini ya kitabu kingine, sembuse miguuni pa watu. Mzazi akiingia akaukuta pale, hatautoa msahafu. Atamtoa mwanawe."

Aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Nikajisemea, ewe mwanamke, ulimi wako huu utakuponza.

"Sababu nimeielewa," akasema hatimaye. "Ni nzuri. Hebu tuione ikifanya kazi."

Akamgeukia msichana aliyekuwa karibu nasi, mwanafunzi wa bweni kutoka Ganze, Mkristo, mtulivu, hodari wa kusoma.

"Binti, niletee Biblia."

Msichana hakuuliza iko wapi. Alipiga magoti sakafuni mbele ya kabati lile lile, akainamisha kichwa karibu kugusa saruji, akaivuta Biblia kutoka rafu ya chini. Ilikuwa na vumbi la viatu. Akaipanguza kwa pindo la sketi yake ndipo akampa mtahini kwa mikono miwili.

Lo!

"Hiki nacho ni kitabu cha dini?" mtahini akauliza.

"Ndiyo."

"Mbona hakikupanda?"

Ukweli ni kwamba haikunipitia akilini hata mara moja. Nilimtazama yule msichana, nikaona aibu mpaka macho yakaniwasha.

"Pole, mwanangu," nikamwambia.

"Si neno, mwalimu," akajibu kwa adabu, bila kinyongo chochote. "Nimezoea kuinama."

Afadhali angenitukana.

Mtahini alimrudishia Biblia, akanigeukia. Uso wake ulikuwa umelegea. Nilijua kabisa kwamba nikimbembeleza kidogo, nikiwataja wa nyumbani au likizo zangu, angenihurumia.

"Sasa nikuandikie nini, mwalimu?"

Msichana alikuwa bado amesimama kati yetu, ameikumbatia Biblia yake kifuani, akinisubiri nimwambie airudishe wapi.

"Andika ulichokiona, Daktari."

Akaandika kwamba nimeanguka.