Magadi Kwenye Maji ya Kahawa

Maji yanayotoka kwenye mashine ya kumenyea kahawa hunuka kama ndizi zilizooza. Ya kwetu, hapa Nkoaranga kwa mama mdogo, yalikuwa yakiteremka hadi kwenye mfereji. Mwenyekiti wa mfereji, mama anayeishi bondeni, alishasema: yakinuka tena, hatupati zamu ya maji mpaka msimu uishe. Tukaanza kuyakinga kwenye pipa. Na kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu kila tawi.

Nilimwahidi mama mdogo kuyasafisha kwa umeme. Sikusomea popote, nilijifunza kwenye simu. Unapitisha umeme kati ya vibati viwili vya alumini, uchafu unagandana, na mapovu ya gesi ya haidrojeni yanaunyanyua juu. Vibati nilivikata kwenye sufuria kuukuu. Nikavipiga msasa, nikavitazama juani, nikavipiga tena. Ndivyo nilivyo: kitu kikipinda kidogo tu, nakianza upya.

Umeme wa batri ya pikipiki haukupita vizuri, nikatia chumvi. Mapovu yalikuja, pamoja na harufu kali ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

"Unataka kutufua sisi?" mama mdogo alikohoa. "Zima!"

Nikazima, nikamfuata jikoni huku nikikaribia kulia. Alikuwa anatia magadi kwenye makande. Nikauangalia ule unga. Nao huyeyuka na kupitisha umeme kama chumvi, na hupunguza ukali. Maji yetu yalikuwa makali kama ndimu.

"Mama, naomba kidogo."

"Haya, yapike kama makande hayo maji yako."

Nilipoyatia magadi, yalifoka bila moto. Nikaunganisha batri. Harufu ile ya kukereketa haikurudi. Povu la kahawia likapanda taratibu, na chini yake maji yakaanza kuonekana. Sikuweza kubanduka. Nikaifunika ndoo, gesi nikaipitisha kwa mpira mwembamba hadi mapovu yakajaa kwenye kibakuli cha maji ya sabuni, nikautoa mpira, nikasogeza njiti ya kiberiti. Pah!

Mama mdogo aliruka nyuma. Kisha akasema, "Tena."

Mwenyekiti alipofika, nilikuwa bado nataka kuyarudia maji yale. Yalibaki na rangi ya chai ya rangi, nami niliificha ndoo nyuma yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mganga wa maji. Sogea nione."

Akainama, akanusa, akachovya kidole, akanusa tena.

"Hayanuki. Na yale ya kwenye pipa?"

Pipa lilikuwa limejaa, na mimi nilikuwa nimesafisha ndoo moja.

"Basi ndoo kwa ndoo," alisema. "Ukisafisha moja, mnachota moja mferejini. Ya pipa yasiteremke."

Mama mdogo akaanza kuzungusha mashine hata kabla mgeni hajatoka getini. Mimi nikabaki nikihesabu kichwani batri itavumilia ndoo ngapi, na kama nikiongeza vibati itakuwaje.

"Na hicho nilichokisikia kikipasuka nikiwa njiani," mwenyekiti aligeuka kuuliza, "kinaweza kuchemsha chai?"

Sikujua. Nikaenda kutafuta sufuria nyingine ya kukata.