Sahani za Mkamwana

Kila Desemba wanangu huja nyumbani, huku kijijini upande wa Dutwa, kwa kitu wanachokiita likizo ya familia. Mimi mwezi huo naujua kwa jina la palizi. Pamba imechipua, majani yameipita kimo, na nyumba inajaa watu waliokuja kupumzika. Wakishapumzika sana wananipiga picha nikiwa na jembe, wanasema bibi bado ana nguvu.

Majina yao wote ninayo kichwani, wana, wakwe na wajukuu, mpaka ng'ombe wa mahari ya kila mmoja na rangi zao. Siyaandiki hapa. Darasa la nne nililoishia lilinitosha kujua kwamba jina likishaandikwa, mwenyewe huja kuuliza.

Sasa, mwaka jana nilikuwa na wana wawili wa kiume wasiosemeshana. Mkubwa anakaa Dar es Salaam. Mdogo yuko Lingeka, kule Meatu, na pamba yake na ng'ombe wake. Mkubwa alijenga nyumba, akatuma picha kwenye grupu la familia. Mdogo akaandika chini yake kwamba paa linafanana na la jineri, kule pamba inakochambuliwa, tuanze kupeleka pamba. Watu wakacheka. Mkubwa ndiye mwenye grupu, akamtoa mdogo wake. Basi. Watoto wa tumbo moja, waliolalia ngozi moja utotoni, wakaacha kusalimiana kwa ajili ya paa ambalo hata halivuji.

Mwaka mzima walipashana habari kupitia kwa wake zao. Mimi umri wangu magoti yanaujua. Nikawa nawaza siku watakayonizika: mmoja upande huu wa kaburi, mwingine upande ule, wanatuma wake zao kuulizana nani atangulie kutupa udongo.

Kwetu dawa ya jambo hili inajulikana. Wanaume wa nyumba moja hula sinia moja. Mwenye kinyongo hatii mkono humo. Akishautia, maneno yamekwisha, na anayeyarudisha anachekwa na watoto. Kwa hiyo nilikuwa naisubiri Desemba na sinia langu.

Mkamwana wangu, mke wa mkubwa, akaja na sahani.

Walifika Alhamisi. Hata hajakaa akaniambia, "Mama, Jumamosi wewe unapumzika. Nimeongea na mpishi wa Bariadi mjini, anakuja na wali, pilau, nyama, kila kitu. Ni bufee. Kila mtu anajipakulia, anakwenda kukaa anapopenda."

"Anapopenda," nikasema.

"Ndiyo, Mama. Uhuru tu."

Nikaziangalia zile sahani, za plastiki, nyeupe, za kulia mara moja na kutupa. Nikaona kila kitu mbele yangu. Mkubwa atajipakulia, atakwenda kulia kwenye gari. Mdogo atajipakulia, atakwenda kulia zizini, kama kuku aliyeokota ganda akakimbia nalo. Na mwaka utakuwa umekwisha.

Sikumpinga. Yule binti ana roho nzuri, tatizo lake ni kupanga. Ijumaa nilikwenda kusali na akina mama wa jumuiya, nikawaambia wanangu wapo, kesho njooni muwasalimie. Waambieni na wenzenu wa Ngulyati.

Jumamosi mkamwana akatugawia fulana za njano zilizoandikwa kifuani FAMILIA MOJA. Yangu ilinibana, nikaivaa. Mkubwa akavaa yake akasimama karibu na gari. Mdogo akafika kwa pikipiki. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa lugha ya kwetu, akavaa yake, akaenda kusimama karibu na zizi. Familia moja, katikati uwanja mzima.

Saa sita akina mama wakaanza kuingia, huyu na mayai, huyu na karanga, huyu na jogoo. Mgeni hula kwanza, wenye nyumba baadaye, hilo hata mpishi wa mjini analijua. Na aliyekuja na kitu harudi mikono mitupu. Nikasimama mwenyewe kwenye ile bufee. Sahani ya kulia hapa. Sahani ya kuwapelekea watoto. Sahani ya kufunikia, maana inzi wa Desemba mnawajua.

Mkamwana akaja mbio. "Mama, sahani zimekwisha. Wanaume hawajala."

"Pole, mwanangu."

"Tutoe zile zako za ndani."

"Zimo sandukuni."

"Ufunguo uko wapi?"

Mimi ninayekumbuka rangi ya kila ng'ombe wa mahari nikamwambia uzee huu, mwanangu, unaondoa kumbukumbu.

Kwa bahati nilikuwa nimeshasonga ugali wa mtama, na nsansa, yale majani ya kunde tuliyoyakausha, ilikuwa imeshaungwa kwa karanga. Bahati tu. Nikaviweka chumba cha mbele, sinia moja, bakuli moja. Baba yao mdogo, ndugu wa marehemu mume wangu, akakaa wa kwanza akawaita wote wawili. Huyo hakataliwi. Mimi mama hukaa mbali na sinia la wanangu wakubwa, hivyo nikarudi jikoni. Mlango niliuacha wazi kwa ajili ya moshi.

Kwetu mdogo humnawisha mkubwa. Mdogo akachukua jagi, akasimama nalo. Mkubwa akawa anasoma kalenda ukutani, ya mwaka juzi.

"Mnasubiri mvua?" baba yao mdogo akauliza.

Nilikuwa nimeshika mwiko, sina cha kukoroga. Nikasikia maji yanadondoka kwenye beseni.

"Ya moto haya," mkubwa akasema.

"Ya vuguvugu. Umekuwa laini."

"Polepole, unanilowesha fulana."

"Lete mikono basi, kaka. Unaibania kama unaombwa zawadi."

Kisha nikasikia wanatafuna, wote. Mkamwana alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu yangu. Halafu mkubwa, tonge mdomoni, akaanza: "Lile paa linafanana na jineri kwa kipi hasa?"

Watoto waliokuwa mlangoni wakacheka, kama inavyotakiwa.

"Ukubwa, kaka. Na rangi. Kasoro malori tu mlangoni."

"Wewe mwenye nyumba ya nyasi ndiye wa kunifundisha paa?"

"Kwangu hakuvuji."

"Kwangu kunavuja? Umefika lini ukaona?"

"Umenialika lini?"

Sauti zikapanda. Mkamwana akainuka. "Mama, wanagombana. Niende?"

"Kaa. Sikiliza vizuri, wanakula."

Akakaa, akasikiliza. Mkubwa alikuwa anaeleza bei ya bati, mdogo anamwambia amepigwa bei, aje Lingeka Januari aone nyumba. Baba yao mdogo akaita kutoka huko kwamba sinia limekwisha na hawa bado hawajashiba.

Nikachota unga mwingine wa mtama, nikamwambia mkamwana achochee moto.