Nilivyowafunika Darasa la Saba kwa Turubai la Mahindi

Jamani, mpaka leo nikipita pale shuleni natembea nimeinamisha kichwa kama natafuta sindano, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nasimulia mara moja tu. Mimi ndiye Mama Vumi, yule yule wa turubai.

Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Sumbawanga mnaijua, ile ya kunawa uso kwa vidole viwili. Watoto wa darasa la saba walikuwa kambini, yaani wanalala palepale shuleni ili wapate muda wa kujisomea, na binti yangu Vumilia alikuwamo. Nyumbani kwetu Chanji tumebanana, huyu analia, yule anaimba, kwa hiyo kambi ndiyo ilikuwa tegemeo lake, na langu pia, maana mtoto alishaanza kufaulu hesabu (hesabu! kwenye ukoo wetu!). Basi mafua makali yakaingia mjini, madarasa ya chini yakapukutika, halafu na kambini wachache wakaanza kukohoa. Mwalimu mkuu akawatenga kwenye chumba chao, akatuita wazazi, akasema mchana bibi afya atakuja kukagua, na akikuta mafua yamesambaa kambi inafungwa, kila mtoto arudi kwao.

Moyo ulinipasuka, nikasimama hata kabla sijaruhusiwa.

"Mwalimu, kambi haifungwi! Nipe jiko na kuni, watoto nitawafukiza mwenyewe."

"Mama Vumi, wafukize hao wagonjwa tu, mmoja mmoja," akasema, akaenda zake ofisini.

Mmoja mmoja! Kwetu mafua dawa yake ni nyungu, unachemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, unajifunika blanketi na sufuria lako, unavuta mvuke mpaka jasho likutoke, na mtu mmoja anakula muda wake. Nikapiga hesabu zangu (za kwangu, siyo za Vumilia), nikaona bibi afya atafika mimi bado niko kwa mtoto wa pili. Ndipo nikakumbuka turubai langu, lile kubwa ninaloanikia mahindi ninayonunua Laela, nikaona ya nini kuhangaika na blanketi moja moja wakati turubai linaenea darasa zima? Na kwa kuwa nafasi ipo, walio wazima nao waingie, wajikinge.

Nilipolileta kutoka nyumbani, mpishi wa shule, dada mmoja mpole, aliniuliza, "Umelikung'uta lakini?"

"Dada, tuna haraka," nikamjibu, tena kwa ukali.

Tukapanga masufuria katikati ya uwanja, watoto wakakaa kuyazunguka, wagonjwa kwa wazima, bega kwa bega, nami nikaingia humo humo ili mtu asije akaungua, kisha mpishi akatufunika. Mwanzoni raha tupu, joto, harufu nzuri, mimi nawahimiza, "Vuteni! Vuteni mpaka ndani!" Kumbe mvuke unalegeza vumbi na pumba za mahindi zilizoganda kwenye turubai, zikaanza kutushukia taratibu puani. Mmoja akapiga chafya, akajibiwa na wa pili, halafu sijui niseme nini, ikawa chafya juu ya chafya, watoto wanapigiana usoni, wanakohoa, machozi yanawatoka, na mimi natafuta ukingo wa turubai nitoke nisiuone.

Nilipoupata nikatoka kwa magoti, kilemba kimeanguka, uso umelowa na pumba zimeganda mpaka kwenye kope, na mbele yangu nikaona viatu. Nikainua macho. Bibi afya, binti mdogo tu, na mwalimu mkuu pembeni yake, na nyuma yao kamati nzima ya wazazi wa shule.

"Shikamoo mama," akaniamkia yule binti.

"Marahaba," nikaitikia, bado nimepiga magoti. Ungefanyaje?

"Nimeambiwa wagonjwa wametengwa. Wako chumba gani?"

Nikanyoosha kidole kwenye turubai.

"Na wazima?"

Nikanyoosha hapohapo. Kamati ikaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Akalifunua turubai kwa mkono wake, akawatoa watoto akiwaachanisha, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mafua yanapita kwenye chafya na kikohozi, ndiyo maana tunawatenganisha. Wewe umewakusanya ukawafunika pamoja." Kambi ikafungwa siku ileile, watoto wakaambiwa wabaki majumbani mpaka wapone. Vumilia akabeba godoro lake kichwani, akatangulia mbele yangu njia nzima.

Nililia, sifichi. Kisha nikajifuta nikasema, Mama Vumi, umevuruga, utengeneze. Kila asubuhi nikawa napiga picha kwa simu maswali ambayo mwalimu amewaandikia ubaoni, nazunguka nyumba kwa nyumba, nasimama nje mbali na mlango nasoma kwa sauti, mtoto ananakili akiwa ndani. Wengine walinipokea kwa kuita, "Turubai limefika!" Mama mmoja aliniambia, "Soma kutoka huko huko barabarani, wewe nakuogopa." Nikasoma kutoka barabarani.

Watoto wakapona, wakaitwa kufanya mtihani wa majaribio. Asubuhi hiyo Vumilia, ambaye aliingia chini ya turubai mzima kabisa, bado alikuwa anakohoa na mwili unachemka. Nikamkuta amevaa sare, ameshika kalamu.

"Vua, mwanangu. Huendi."

"Mama, si wewe uliyesema kambi isifungwe? Mimi ndiyo nikose mtihani?"

"Ni mimi. Na leo ni mimi ninayesema huendi."

Akalia mpaka nikatamani kumwachia. Nikamlaza, nikaenda shuleni peke yangu, nikapita katikati ya wazazi walioshika mbavu kwa kucheka waliponiona, nikamwambia mwalimu mbele yao wote, "Wangu bado anaumwa, na nimemwambukiza mimi." Kicheko kikakatika. Mama mmoja akamgeukia mwanawe aliyekuwa anavuta kamasi pembeni yake, akamshika mkono, wakarudi nyumbani.

Sasa kwangu ni hivi: mtoto akianza kukohoa anabaki ndani, hata iwe siku ya mtihani, na wa kununa anune.