Jumapili Niliyopima Intaneti

Ofisi yetu ya Kitale iko ghorofani, juu ya duka la mbegu. Ya pili iko Bungoma, na anayeisimamia ni shemeji yangu, dada ya mke wangu. Kazi yetu ni kuandika yale ambayo watu wamesema: mikutano, mahojiano, mahubiri. Kwa miaka mingi tulipokea rekodi, tukaziandika, tukazirudisha zikiwa tayari. Intaneti ikikatika tulipika chai.

Halafu chuo kimoja kikatuuliza kama tunaweza kuandika mhadhara ukiwa unaendelea, ili wanafunzi viziwi wausome papo hapo kwenye simu zao. Mchapaji wa Kitale angesikiliza na kuchapa. Shemeji, akiwa Bungoma, angesahihisha kila sentensi kabla haijamfikia mwanafunzi. Nilifurahi hata nikashindwa kumaliza chakula cha mchana.

Jaribio la kwanza lilituaibisha. Maneno yalikwama, kisha yakafika kwa mkupuo. Mratibu wa chuo, mama asiyependa maneno mengi, alinipigia akanieleza kwamba mwanafunzi mmoja wa kike amelalamika. Wenzake wakicheka, yeye hubaki akiwatazama. Mzaha unamfikia wakati mhadhiri ameshapita. Akatupa jaribio moja zaidi, Jumatatu ya wiki ya tano kutoka siku ile. Tukishindwa, chuo kingetafuta watu Nairobi.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilijifunza kuchapa kwa taipureta, na mengine nimeyaokota kwenye vitabu vya kuazima na video. Basi nikafungua daftari jipya nikaanza kujifunza tena. Ndani ya siku nne nilikuwa nimeelewa kilichotuponza: laini yetu ilikuwa ya pamoja. Kasi tuliyouziwa tuligawana na majirani, na kila wao walipoongeza matumizi, yetu ilipungua. Tena kasi ya kupakia, ile inayobeba maneno kutoka kwetu, ilikuwa ndogo kuliko ya kupakua, na sisi tunapakia kutwa. Nilisoma nikiwa nimesimama, kwa jinsi jambo hili lilivyonikolea.

Kampuni mbili zilikuwa na nyaya zinazofika Kitale na Bungoma. Muuzaji wa kwanza aliniambia laini yake ni ya biashara na haina tofauti na laini maalumu ya mteja mmoja. Nikamwomba aniwekee ya majaribio. Nilitaka kuipima bila wachapaji kunivuruga, kwa hiyo nilichagua Jumapili. Nilihudhuria ibada ya alfajiri, nikafungua ofisi, na kuanzia saa nne hadi saa saba nikapima kila baada ya dakika kumi. Takwimu zilikuwa nzuri ajabu, zimenyooka kama mistari ya mahindi yaliyopandwa kwa trekta. Nikampigia shemeji, naye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kanisani.

Akaniuliza nilipima lini. Nikamwambia leo, saa nne hadi saa saba.

"Shemeji, si Kitale yote ilikuwa kanisani? Hata yule wa saiba, mwenye duka la intaneti kule Matisi, lazima alikuwa anaimba kwaya. Ulikuwa unatumia intaneti peke yako, bana."

Kesho yake saa nne asubuhi nilipima tena. Benki zilikuwa wazi, shule zimefunguliwa, kila duka linafanya kazi. Ile mistari iliyonyooka ilianguka. Nilipaswa kusikitika, lakini nilijikuta nikizunguka meza kwa furaha. Jana, kwa saa tatu, nilikuwa nimeonja laini isiyogawanywa. Sasa nilijua ninachotafuta: Jumapili ya kila siku.

Kampuni ya pili ilimtuma fundi, binti mmoja mwenye ngazi na maneno machache. Nikamuuliza laini yake inagawanywa kwa wateja wangapi.

"Ni yenu tu."

"Hata Jumatatu saa nne?"

"Hata Jumatatu saa nne. Na usiniamini mimi, enda uone kwa mwenye anatumia."

Alinielekeza kwenye ushirika wa maziwa wa Endebess. Nilienda Jumatatu iliyofuata, wakulima wakiwa bado wamepanga foleni na madumu yao, na karani akaniruhusu nikae kwenye kona na kompyuta yangu. Nilipima mara kumi na mbili. Kupakia na kupakua vilikwenda sawa, na mistari haikuyumba. Karani aliniuliza kama nimetumwa na serikali. Kabla sijatia sahihi, niliitaka kampuni iandike katika mkataba kwamba kasi hiyo ni yetu saa zote, katika ofisi zote mbili, na laini ikikatika fundi atafika baada ya saa ngapi.

Jumatatu ya jaribio ilifika, saa nne asubuhi. Mhadhiri alifundisha kuhusu ng'ombe wa maziwa. Mchapaji wangu alichapa, sentensi zikaenda Bungoma, shemeji akazisafisha, zikaenda chuoni. Niliyatazama maneno yakipita kwenye kioo cha kompyuta bila kukwama. Katikati ya somo mhadhiri akasema jirani yake ana ng'ombe anayekataa kukamuliwa na mtu asiyemsalimu. Tukasikia darasa likicheka. Mara ujumbe wa yule mwanafunzi ukatokea pembeni:

"Nimecheka pamoja nao."

Mchapaji alifuta macho kwa bega, vidole vikiwa bado kwenye kibodi, maana mhadhiri alikuwa anaendelea.

Saa sita mratibu alipiga simu, akasema tuje Jumatano tuandikiane mkataba, kisha akakata. Nikampigia shemeji mara moja. Akataka kujua kama nimetazama kalenda vizuri, nikahakikisha kwamba leo si Jumapili.